Vikapu Kumi na Viwili, Makanda Saba

Kosa la Sostrato lilikuwa kuwauliza wote wawili siku moja, chumba kimoja, na kabla hawajala.

Alifika kijijini kwetu kutoka Antiokia, robota la mafunjo ya kuandikia mgongoni, kalamu za mwanzi tatu na wino uliokuwa umekauka njiani, ikabidi aulainishe kwa mate. Shida yake hakuificha. Watu waliomwona Bwana kwa macho yao walikuwa wanakwisha mmoja mmoja kwa uzee, na vita ilikuwa imewamaliza wengine kwa mafungu. Ndugu wa Antiokia walimtuma azunguke ziwa lote, akusanye yaliyobaki vichwani mwa wazee kabla vichwa havijazikwa, kisha aandike kitabu kimoja kitakachosomwa katika makusanyiko yote. Sisi tulipewa siku tatu.

Katika kusanyiko letu walibaki wawili tu waliokuwapo siku ya ile mikate ya nyikani, Bwana alipoushibisha umati. Wa kwanza ni Bibi Shapira, mama yake Zabdai msusi wa vikapu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kwetu ziwani ukifika hapo na meno sita kinywani, wewe ni bibi hata kama hujapata mjukuu. Wa pili ni Mzee Trifon, Myunani wa Susita, ule mji wa juu ya kilima ng'ambo ya maji, aliyekuwa mwenye punda zamani. Vita ilipounguza makazi ya watu alivuka na binti yake akaja kukaa kwetu. Wote wawili walikuwa na vigoda kando ya meza ya mkate nyumbani kwa Mzee Matania, kiongozi wetu, na wengine wote tulikaa mkekani. Lakini siku Trifon alipoletewa kigoda, cha Shapira kilisogezwa shubiri moja kushoto ili wapate kuenea. Ile shubiri moja Bibi Shapira hakuwahi kuisamehe.

Basi Sostrato akachovya kalamu, akauliza kwa adabu kwamba watu walipokwisha kushiba, mabaki yalikuwa kiasi gani.

"Vikapu kumi na viwili," alisema Shapira.

"Makanda saba," alisema Trifon.

Walisema kwa pamoja, wakageukiana. Sasa, kikapu ni kile kigumu cha kushika mkononi, ambacho sisi Wayahudi hatutoki safarini bila kukibeba, tumetia chakula chetu kisije kikaguswa na kila mtu. Kanda ni lile pana la kamba ambalo Wayunani wanabebea samaki na nafaka. Ukikunja magoti unaingia mwenyewe, na mkeo akikuchoka anafunga kwa juu. Hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuchanganya kikapu na kanda, na ndiyo maana jambo lenyewe likawa zito. Mmoja wao alikuwa amekosea hesabu na chombo pia.

Sostrato aliweka kalamu chini. Mzee Matania, ambaye huyasema mambo mabaya kwa sauti ya upole kabisa, alisema kwamba kitabu hiki kitasomwa na wapagani vilevile, na wapagani wakiona hata mabaki yetu hayalingani, watatucheka mpaka kaburini. Kwa hiyo siku ya tatu kusanyiko litasikiliza na kuamua. Neno la mmoja litaandikwa. Ambaye neno lake halitasimama atashuka mkekani na wenzake, maana si vizuri shahidi wa uongo akae karibu na mkate.

Bibi Shapira alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akamkatalia mwanawe mkono.

Zabdai alisuka vikapu, baba yake alisuka vikapu, na babu yake wa upande wa mama alisuka vikapu. Tangu vita kufika ziwani biashara ilikuwa imelala. Waliobaki kuja walikuja kwa sababu ya kikapu kimoja kilichotundikwa ukutani kwenye kigingi, nacho kilijulikana pande zote za ziwa kuwa ni kimoja kati ya vile kumi na viwili. Mgeni aliingia, akakigusa kitako, akafuta machozi, halafu akiona aibu kutoka mikono mitupu alinunua kimoja kipya.

Berenike, mke wa Zabdai, alikuwa sakafuni akichagua dengu. Huyu alikuwa mkwe wa kweli, asiyesema sana na asiyesahau kitu. Alikumbuka kwamba mwaka alioolewa, miaka kumi na minne iliyopita, watu walioshibishwa nyikani walikuwa mia tano. Mtoto wake wa kwanza alipoachishwa ziwa walikuwa wamefika elfu. Baada ya vita wakawa elfu tano, wanawake na watoto wamebaki nje ya hesabu. Alikuwa akitoa vijiwe kwenye dengu huku akiwaza hayo, na ndipo alipogundua jambo jingine. Watu walikuwa wakizaliana kila mwaka, lakini vikapu havikuongezeka hata kimoja. Kumi na viwili mwaka ule, kumi na viwili leo.

Hata hivyo alikuwa na wasiwasi, maana aliyajua maneno ya kisimani.

"Mama," alisema, "kwani huwezi kusema vilikuwa karibu kumi?"

"Karibu kumi ndiyo nini?"

"Mkutane katikati na Mzee Trifon. Tisa na nusu hivi."

"Nusu kikapu inabeba nini, mwanangu?"

Berenike alikiri kwamba haibebi kitu. Bibi Shapira alitazama ukutani, halafu akasema kwamba kama mdomo wake hautoshi, basi wamlete huyo kijana wa Antiokia akione kikapu kwa macho. Mwenye macho haambiwi tazama. Alilisema neno hilo kwa ujasiri, lakini Berenike aliona vidole vyake vinacheza kwenye upindo wa nguo.

Kesho yake asubuhi walikuja wote: Sostrato, Mzee Matania, na Trifon aliyesema amekuja kunyoosha miguu tu. Berenike alitoa zeituni na samaki wa chumvi. Zabdai alikitungua kikapu kutoka kwenye kigingi kwa mikono miwili, kama anavyofanya kila siku mbele ya wageni, akamkabidhi mwandishi.

Sostrato alikigeuza taratibu. Alikuwa mtu wa mjini na vikapu havijui, lakini alikuwa na moyo wa kupenda vitu vya kale. Alipitisha kidole ukingoni, pale fito zinapolazwa na kukunjwa zisimchome mchukuzi, na macho yake yakalowa.

"Tazameni ukingo huu," alisema. "Unaona kabisa ni mkono wa watu wa zamani. Siku hizi hakuna tena mtu anayejua kusuka hivi."

Zabdai alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima. Akakiinua.

Ni lazima mtu awe msusi kuelewa kilichompata. Ukingo ndio sehemu ngumu kuliko zote. Kitako chaweza kusukwa na mtoto, lakini ukingo ndio unaomtenganisha fundi na mharibifu. Kwa miaka ishirini Zabdai alikuwa akiuza vikapu kwa watu waliotazama bei tu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupitisha kidole ukingoni. Leo mtu wa Antiokia amepitisha kidole, ameulowesha ukingo machozi, halafu anasema watu wa siku hizi hawajui.

"Ukingo huo nimeusuka mimi," alisema Zabdai.

Hapo angeweza kunyamaza. Mama yake alimkanyaga mguu. Lakini fundi akishaanza kueleza kazi yake, kumzuia ni kama kuzuia punda anayeteremka kilima. Alieleza kwamba ule wa zamani ulikatika mwaka juzi, akaweka huu kwa fundo lake mwenyewe la fito tatu.

"Na kitako?" aliuliza Mzee Matania kwa upole wake.

"Kitako kilioza mwaka wa njaa. Ni changu pia. Kitako ndicho kinachotangulia siku zote."

"Ubavu?"

"Huu wa kushoto ni wa marehemu baba. Huu mwingine ni wangu."

"Mkono?"

"Mkono ni mpya. Wageni wanaushika sana."

"Sasa cha zamani hapa ni nini, mwanangu?"

Zabdai alikuwa mtu mkweli. Alikitazama kikapu kwa makini, ndani na nje, akatafuta.

"Nafasi," alisema mwishowe. "Nafasi ya ndani ni ile ile. Kinachukua kiasi kile kile."

Trifon alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, ikabidi Berenike ampe maji. Mzee Matania hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Sostrato alikiweka kikapu juu ya meza kwa uangalifu, na alipokiweka tu, kila mtu mle chumbani aliona kwamba ni kikapu tu.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kisimani. Wanawake walimpisha Berenike kwa heshima kubwa asiyoizoea, halafu mmoja akamuuliza kama mumewe anaweza kumsukia kikapu cha kale, naye atapitia kukichukua keshokutwa. Mwingine alitaka kujua kama kuna kanda pia, la wakati wa Ibrahimu. Kwenye tanuri la mkate ikawa hivyo hivyo. Mama mmoja wa kijiji cha jirani, aliyenunua kwao mwezi uliopita, alikileta kikapu chake mpaka mlangoni akasema hakitaki tena, kinamkumbusha kwamba alilia bure. Berenike alikipokea. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Ndani, Bibi Shapira alikuwa amelala akiutazama ukuta, na kigingi kilikuwa kitupu juu yake.

"Ungenyamaza tu," alimwambia mwanawe. "Kunyamaza peke yake."

"Alisema hakuna tena mtu anayejua kusuka hivi, mama."

"Kwa hiyo umeniuza kwa ukingo."

Zabdai alikaa chini kando ya kitanda cha mama yake, akachukua ufito, akauweka chini tena. Alijuta kweli, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hata katika majuto yake, moyoni alikuwa bado anafurahi kwamba ule ukingo ulisifiwa.

Siku ya tatu nyumba ya Mzee Matania ilijaa mpaka watu wakakaa kizingitini. Hata waliokuwa hawajaonekana kwenye sala tangu mavuno walikuja. Vigoda vilikuwa viwili kama kawaida, lakini mtu, hatujui nani, alikuwa ameshatandika mkeka mdogo mpya chini, upande wa Bibi Shapira. Aliuona alipoingia. Aliuruka akakaa kigodani pake.

Trifon alianza. Alisema hahitaji vyombo vya ushahidi, mgongo wake unatosha. Siku ile alikuwa kijana, ana punda watatu, na wale wanafunzi wa Bwana walimwomba awapandishie mabaki mpaka Susita yakagawiwe maskini. Punda mmoja anachukua makanda mawili, moja kila ubavu. Punda watatu, makanda sita. Likabaki moja.

"Yule punda wa nyuma nilijaribu kumwongezea," alisema, "akakaa chini. Nikalibeba mimi, kutoka ufukweni mpaka juu ya kilima, jua la kiangazi, nyasi zote zimeungua, vumbi mpaka kooni. Mgongo huu mnaouona umepinda, ulianza siku ile. Yangekuwa sita, leo ningesimama wima. Yangekuwa manane, ningeazima punda wa nne kwa jirani, kila punda mawili. Yalikuwa saba."

Watu walinong'ona. Sostrato aliandika haraka, na usoni kwake ilionekana kwamba jambo limekwisha. Mtu anaweza kusahau alichoambiwa, lakini nani atasahau alichobeba? Mzee Matania alimgeukia Bibi Shapira, akauliza kwa upole kama ana neno, au tuendelee.

Shapira alisimama. Alisema kile kikapu cha ukutani wakiache, hakina ushahidi wowote, na wala hakikupata kuwa nao. Kilitundikwa na marehemu mume wake, Mungu amrehemu, aliyependa kuuza kuliko kusuka. Zabdai alifungua mdomo. Tangu jana yake alikuwa ameamini kwamba amevunja kitu kitakatifu cha nyumba yao, na sasa hakujua kama ashukuru au akasirike.

"Kingetoka wapi?" alisema mama yake. "Vile kumi na viwili havikurudi hata kimoja."

"Havikurudi wapi?" aliuliza Sostrato.

"Kwetu. Vilikuwa vya baba."

Hapo ndipo alipoyasema ambayo hakuwa ameyasema kwa miaka arobaini, si kwa mumewe, si kwa wageni. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake alisikia kuna watu wengi nyikani, akamtwisha vikapu vipya, vimepachikwa kimoja ndani ya kingine, aende akauze. Hakuuza hata kimoja, maana kila Myahudi pale alikuwa na chake. Watu walipokwisha kula, wale wanafunzi wakasimama na makombo mikononi, hawana pa kuyatia, wakamwona binti na vikapu. Kila mmoja akachukua kimoja. Walimwambia watarudisha. Wakavijaza, wakapanda navyo mashuani, wakaenda zao. Yeye alikaa kwenye nyasi mbichi za masika akiwangoja mpaka jua likazama, halafu akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Baba aliniuliza viko vingapi. Nikamwambia. Akanichapa kiboko kimoja kwa kila kikapu, na kila kimoja alikihesabu kwa sauti. Hakujua kusoma, lakini kuhesabu mpaka kumi na mbili alijua vizuri sana. Wewe Trifon una mgongo wako. Mimi nina pangu palipochapwa, na usiniombe nipaoneshe."

Hakuna aliyecheka. Berenike, aliyekuwa mkekani nyuma, alimtazama mama mkwe wake akaelewa kwa nini watu walikuwa wakiongezeka mwaka hadi mwaka na vikapu havikusogea. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ukaya wake wa kichwani.

Mzee Matania alikohoa. Wale wanafunzi walikuwa watu wa kuheshimiwa, wengine walikufa kwa ajili ya jina la Bwana, na sasa inasemwa mbele ya mkutano kwamba waliondoka na mali ya mtoto.

"Bibi Shapira," alisema, "hayo ya viboko si lazima yaandikwe."

"Sikusema yaandikwe, Mzee. Nimesema yalitokea."

Sostrato aliuliza kuhusu watu, kama kweli walikuwa elfu tano. Shapira alifikiri.

"Watu sikuwahesabu," alisema. "Watu hawakuwa wetu. Vikapu ndivyo vilikuwa vyetu."

"Lakini umekuwa ukisema elfu tano."

"Wageni wanaotembea mwendo mrefu hupenda kupewa kitu."

Sostrato alifadhaika kidogo, akapekua mafunjo yake. Alisema hesabu ile hakuitoa kwake peke yake. Ameisikia katika vijiji vinne vya ziwani, mbalimbali kabisa, na watu wasiojuana.

"Vijiji vyote hivyo vinne," alisema Berenike kutoka nyuma, akiwa bado na ukaya machoni, "vinanunua vikapu kwetu."

Sostrato aliutazama mstari wenyewe. Wino ulikuwa umekauka, na funjo ni ghali. Akaupita bila kuufuta.

Muda wote huo Trifon alikuwa kimya, jambo lililowatia watu hofu. Sasa aliinama mbele.

"Dada," alisema, na ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. "Umesema nyasi zilikuwa mbichi?"

"Mbichi. Nilikalia hizo hizo. Nguo ilipata doa la kijani, nikasemwa kwa hilo pia."

"Kwangu hapakuwa na jani. Na ilikuwa ng'ambo."

"Kwangu ilikuwa huku."

Walitazamana kama wachuuzi wawili waliopigania kizimba mwaka mzima, halafu wakagundua kila mmoja alipanga kwenye soko lake. Au labda sivyo. Labda ilikuwa siku moja, na miaka arobaini imewagawia kila mtu majira yake na ufuko wake. Mimi sijui, na yeyote anayekuambia anajua, muulize alikuwa anauza nini.

Sostrato alichukua kalamu akasema ataandika yote mawili. Vikapu kumi na viwili mahali pake, na makanda saba mbele kidogo, siku nyingine.

Mzee Matania alipinga, na tuseme haki, hoja yake ilikuwa nzuri. Kama ilitokea mara mbili, alisema, basi wale wanafunzi mara ya pili wataonekana wajinga, maana watauliza mikate itatoka wapi, na juzi tu wameiona ilikotoka. Nani ataamini kwamba walisahau haraka hivyo?

"Mzee wangu," alisema Sostrato, "watu waliosahau kurudisha vikapu wanaweza kusahau lolote."

Basi hapo chumba kizima kiliangua kicheko, Trifon akakohoa tena, na hata Mzee Matania alilazimika kutazama pembeni. Ule mkeka mdogo mpya ulikunjwa na mtu, hatujui nani, ukapotea.

Kabla ya kuondoka Sostrato alitusomea alichoandika. Bibi Shapira alikaa wima kigodani, mikono magotini, nguo yake ya sikukuu mwilini. Mwandishi alisoma juu ya nyika, na nyasi mbichi, na watu wameketi makundi makundi. Nyasi aliziweka, na Shapira alitikisa kichwa kukubali. Alisoma juu ya mikate na samaki. Akafika kwenye mabaki, akasoma kwamba wakajaza vikapu kumi na viwili, halafu akaendelea na watu elfu tano, na halafu mashua ikaondoka.

Shapira alikuwa akingoja jina lake. Halikuja. Hapakuwa na msusi wala binti yake, hapakuwa na mtu aliyekaa ufukweni mpaka jua likazama. Vikapu vilitokea tu, kama vile vimeota kwenye nyasi. Tuliokuwa karibu naye tuliona uso wake ukishuka, na tulimwonea huruma, maana mtu ameshinda kesi yake na bado hayumo.

"Na havikurudi," alisema.

Alisema polepole, kwa ajili yake mwenyewe. Lakini chumba ni kidogo. Sostrato alisita, akatazama funjo, akatazama Mzee Matania, akaendelea kusoma.

Mwaka uliofuata nakala ya kitabu ililetwa kutoka Antiokia, tukaanza kukisoma kila siku ya kwanza ya juma, fungu kwa fungu. Kila msomaji alipofika kwenye vikapu kumi na viwili, Bibi Shapira alisema kutoka kigodani kwake, "Na havikurudi." Mzee Matania alimkanya mara ya kwanza kwa upole, na mara ya pili kwa upole zaidi, na mara ya tatu akaacha. Watoto walikuwa wakipigana viwiko kusubiri fungu hilo. Msomaji akijifanya kupita haraka, yeye alimsubiri avute pumzi, akaliweka neno lake hapo. Na yakisomwa makanda saba, alimgeukia Trifon akamuuliza mgongo unaendeleaje, naye alijibu kwamba haujambo, je, pale pengine? Kwa Zabdai watu walirudi kununua, na sasa walikagua ukingo kwanza. Kigingi cha ukutani kilibaki kitupu, na wapo wageni waliokigusa hicho hicho wakalia.

Bibi Shapira alikufa majira ya baridi ya mwaka wa tatu, kwa homa ya siku nne. Tulimzika upande wa juu, mahali ziwa linapoonekana.

Siku ya kwanza ya juma iliyofuata hakuna aliyekikalia kigoda chake. Fungu lililofikiwa, kwa mpangilio tu wa kusoma, lilikuwa lile la mikate. Msomaji alikwenda vizuri mpaka kwenye vikapu kumi na viwili, na hapo, kwa mazoea, akanyamaza kungoja. Sisi sote tukanyamaza naye. Berenike alikuwa ameinamisha uso magotini. Zabdai alitazama mikono yake.

Mzee Trifon alikuwa amefika mapema siku hiyo, kabla ya watu, akasogeza kigoda chake shubiri moja kulia, na cha marehemu akakirudisha mahali pake pa zamani. Sasa aliegemea mkongojo wake. Tangu afike kijijini kwetu alikuwa ameapa mbele ya kila mtu kwamba yalikuwa saba, na alikuwa bado anaapa.

"Na havikurudi," alisema.

Msomaji akaendelea.